Pipa la Taka na Hati ya Upekuzi

Mwanzoni mwa mwaka 1984, polisi wa Laguna Beach, mji mdogo wa pwani kusini mwa California, walipata fununu kwamba Billy Greenwood alikuwa akifanya biashara ya dawa za kulevya nyumbani kwake. Jirani mmoja alikuwa amelalamika kuhusu magari yaliyofika usiku wa manane, yakasimama dakika chache, kisha yakaondoka. Mpelelezi Jenny Stracner aliivizia nyumba ile na kuyaona magari hayo kwa macho yake. Tarehe 6 Aprili alimwomba mzoa taka wa mtaa ule aichukue mifuko ya Greenwood iliyowekwa ukingoni mwa barabara, asiichanganye na ya majirani, kisha amkabidhi. Ndani yake alikuta vitu vilivyoashiria matumizi ya dawa za kulevya. Akavitaja kwenye kiapo, akapewa hati ya upekuzi, na nyumba ilipopekuliwa ikakutwa kokeini na hashishi. Mwezi uliofuata, Greenwood akiwa nje kwa dhamana, mpelelezi mwingine alirudia mbinu ile ile na kupata matokeo yale yale. Mahakama za California zilifuta mashtaka, zikisema kwamba bila yaliyotoka kwenye mifuko kusingekuwa na msingi wa kutoa hati. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 16 Mei 1988 majaji sita dhidi ya wawili wakaamua kwamba polisi hawakuhitaji hati wala sababu yoyote. Taka zilizowekwa barabarani, walisema, hazina faragha ambayo Katiba inaitambua.

Huo ndio msimamo wa sheria ya shirikisho la Marekani hadi leo, na mtu anayetaka jibu la haraka anaweza kuishia hapo: ndiyo, polisi wanaweza. Lakini majimbo kadhaa ya nchi hiyo hiyo yameukataa msimamo huo, na sababu walizotoa majaji wake zinaonyesha mahali ambapo hukumu ya 1988 ilipinda. Mahakama iliangalia nani anaweza kuufikia mfuko ukiwa barabarani. Haikujibu vya kutosha swali zito zaidi, yaani serikali inapata nini inapoufungua. Nitajaribu kuonyesha kwamba anayetupa taka anaachana na vitu vyake bila kuachana na habari za nyumba yake, na kwamba kanuni inayofaa ni ile inayomtaka polisi awe na sababu mahususi kabla ya kufungua mfuko, si baada ya kuona kilichomo.

Msingi wa yote ni Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanayowalinda watu katika nafsi zao, nyumba zao, nyaraka zao na mali zao dhidi ya upekuzi usio na sababu za msingi. Kwa muda mrefu majaji walipima ulinzi huo kwa mipaka ya umiliki: polisi amevuka ua wa mtu au hakuvuka? Mwaka 1967, katika kesi ya Katz, kipimo kilibadilika. Makachero wa FBI walikuwa wamebandika kinasa sauti nje ya kibanda cha simu Los Angeles wakamsikiliza mcheza kamari. Hawakuingia ndani ya kibanda, lakini mahakama ikasema Katiba inalinda watu, si mahali. Jaji Harlan aliongeza mtihani wa sehemu mbili ambao umetawala tangu hapo: je, mtu alitarajia faragha, na je, jamii iko tayari kuyaona matarajio hayo kuwa ya haki?

Sambamba na hayo kulikuwa na fundisho la zamani la mali iliyotelekezwa. Mwaka 1924, katika kesi ya Hester, watuhumiwa waliokuwa wakikimbia maofisa wa kodi waliangusha vyombo vya pombe haramu njiani, na mahakama ikaona hakuna upekuzi katika kuokota kilichoangushwa. Mwaka 1960 ikaja kesi ya Rudolf Abel, jasusi wa Kisovieti. Baada ya Abel kukamatwa, kulipa deni la chumba chake cha hoteli New York na kuondolewa hapo, FBI waliingia chumbani na kukuta kwenye kapu la taka penseli yenye uwazi ndani na kipande cha mbao, vyombo vya kazi ya ujasusi. Mahakama ikasema alikuwa ameviacha. Fundisho hilo halina ubaya linapobaki mahali pake. Mtu anayekimbia akatupa kitu, au anayehama chumba akaacha kapu, amekata uhusiano na kitu hicho kwa tendo moja. Anayeweka mfuko barabarani kila wiki kwa siku aliyopangiwa hafanyi hivyo. Anaukabidhi kwa utaratibu maalumu, kwa mtu maalumu, kwa kusudi maalumu: ukachanganywe na wa wengine, ukabanwe na ukazikwe dampo.

Jaji Byron White, aliyeandika hukumu ya Greenwood, alijenga hoja yake kwa nguzo tatu. Ya kwanza ni kwamba kila mtu anajua mifuko ya plastiki iliyo barabarani hufikiwa na wanyama, watoto, waokota taka na wapekuzi wa mambo ya watu. Ya pili ni kwamba Greenwood aliitoa mifuko ile kwa mtu wa tatu, yaani mzoa taka, ambaye angeweza kuipekua mwenyewe au kuwaruhusu wengine waipekue. Hapa alijiegemeza kwenye kesi ya Smith ya 1979, iliyosema mtu hana faragha katika namba za simu anazopiga kwa kuwa amekwisha kuzifichua kwa kampuni ya simu. Ya tatu ni kwamba polisi hawawezi kutakiwa kufumba macho mbele ya ushahidi ambao mwananchi yeyote angeweza kuuona.

Nguzo ya kwanza ndiyo maarufu zaidi, na ndiyo dhaifu zaidi. Inachukua jambo linaloweza kutokea na kuligeuza kuwa jambo lililoruhusiwa. Mwizi anaweza kuvunja dirisha, na kila mtu anajua hivyo, lakini hakuna jaji aliyewahi kusema kuwepo kwa wezi kunampa polisi ruhusa ya kupita dirishani. Jaji William Brennan, aliyepinga pamoja na Thurgood Marshall, alikumbusha kwamba Greenwood hakumwaga taka zake barabarani zionekane. Alizifunga ndani ya mifuko isiyoonyesha ndani, na mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuamua kwamba mfuko uliofungwa, hata ukiwa wa karatasi tu, unastahili ulinzi sawa na mkoba uliofungwa kwa kufuli. Iweje ulinzi huo uyeyuke kwa sababu mwenye mfuko hataki tena kilichomo? Brennan aliongeza jambo lililopaswa kuimaliza hoja ya hiari: sheria ya kaunti ilimlazimu Greenwood azitoe taka hizo. Mtu hawezi kusemwa ametelekeza kwa hiari yake kile ambacho sheria ingemtoza faini kwa kukibakiza nyumbani.

Halafu kuna yaliyomo, na hapa ndipo penye uzito. Pipa la wiki moja lina vifungashio vya dawa vyenye jina la mgonjwa na jina la dawa, kipimo cha mimba, taarifa ya benki iliyochanwa vipande vinne, barua ya mwanasheria, bahasha za chama cha siasa au za nyumba ya ibada, chupa za pombe katika nyumba ambayo majirani wanaamini hainywi. Hakuna chumba kimoja cha nyumba ambacho kikipekuliwa peke yake kingesema yote hayo. Chumba cha kulala hakijui yaliyopikwa wala jiko halijui yaliyoandikwa. Pipa linayajua yote mawili, na kwa kuwa hujazwa upya kila wiki, polisi anayelirudia mara kwa mara hapati picha moja ya nyumba bali kumbukumbu ya maisha yake. Mahakama ya Juu ya Hawaii ilikuwa imeliona hilo mapema, mwaka 1985 katika kesi ya Tanaka, iliposema kwamba nyaraka za biashara, bili, barua na karatasi za kodi zilizomo kwenye taka hufichua mengi kuhusu shughuli, mahusiano na imani za mtu.

Je, jamii iko tayari kuyaona matarajio ya faragha katika taka kuwa ya haki? Kwa swali hili la kijamii hatuhitaji kubahatisha, kwa sababu watu wameonyesha hisia zao. Mwaka 1975 mwandishi wa gazeti moja la udaku alichukua mifuko ya taka mbele ya nyumba ya Henry Kissinger, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, na tendo hilo likalaaniwa sana. Brennan alilitumia katika hukumu yake pinzani. Lakini mfano ulio wazi zaidi ulitokea Portland, jimbo la Oregon, mwaka 2002. Polisi wa mji huo walikuwa wamechukua taka za afisa mwenzao bila hati, na wakuu walitetea kwamba taka iliyo barabarani ni mali ya umma. Waandishi wa gazeti la Willamette Week wakaamua kulichukua neno hilo kama lilivyosemwa: wakaenda kuokota taka za meya Vera Katz, za mkuu wa polisi Mark Kroeker na za mwendesha mashtaka wa wilaya Mike Schrunk, kisha wakachapisha orodha ya walichokikuta. Meya na mkuu wa polisi walikasirika. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kisa hicho si mzaha tu. Kinatoa ushahidi wa aina ambayo mtihani wa Harlan unaudai, kwa kuwa hata waliokuwa wakitekeleza kanuni ya Greenwood hawakuweza kuistahimili ilipowageukia. Mwaka 2018, katika kesi ya Carpenter iliyohusu kumbukumbu za minara ya simu, Jaji Neil Gorsuch, ambaye hakuna anayemwita rafiki wa wahalifu, aliandika kwamba ana shaka kama watu wengi wakimwona jirani akichakura taka zao wangedhani hawana haki ya kumkabili. Aliongeza kwamba sheria ya California yenyewe ilikuwa ikilinda haki ya mwenye nyumba juu ya taka zake.

Nguzo ya pili, ya mtu wa tatu, ina nguvu zaidi na inahitaji jibu la uangalifu. Ni kweli kwamba mzoa taka anaupokea mfuko, na baada ya hapo mwenye nyumba hana namna ya kumzuia asiufungue. Lakini tazama jinsi polisi wa Laguna Beach walivyoupata. Mzoa taka hakukuta kitu cha kutisha akaenda kuripoti. Polisi ndiye aliyemtuma, akamwelekeza nyumba gani na namna gani, na kumfanya mkono wake. Tofauti kati ya wazoa taka wa aina hizi mbili ni kubwa. Mzoa taka anayeona mkono wa mtu ukichomoza kwenye mfuko ana wajibu wa kupiga simu, wala hakuna anayedai vinginevyo. Mzoa taka anayetenga mifuko ya nyumba moja kwa maagizo ya mpelelezi hafanyi tena kazi aliyokabidhiwa na mwenye nyumba. Mahakama ya Juu ya Oregon ilikutana na hali inayofanana sana katika kesi ya Lien mwaka 2019. Polisi wa mji wa Lebanon walikuwa wameiomba kampuni ya taka izoe pipa la nyumba moja kando na mengine na kuwakabidhi. Mahakama ikasema, chini ya katiba ya jimbo, kwamba watu wa Oregon wana haki ya faragha katika taka walizozitoa kwa ajili ya kuzolewa, na ikauacha uamuzi wake wa zamani wa 1968.

Oregon haikuwa ya kwanza. New Jersey na Washington zilijitenga na Greenwood mwaka 1990, miaka miwili tu baada ya hukumu hiyo kutolewa. Vermont ikafuata mwaka 1996, New Hampshire 2003, New Mexico 2014. Uamuzi wa New Jersey, kesi ya Hempele, una mpaka wa kuvutia: polisi anaweza kuuchukua mfuko ulio barabarani bila hati, lakini hawezi kuufungua bila hati. Wapo wanaoicheka tofauti hiyo. Mimi naiona kuwa ndiyo hasa inayoshika kiini cha jambo, kwa sababu inatenganisha kitu na habari. Mfuko wenyewe hauna siri, na serikali ikiuhifadhi usiende dampo haijamjua mtu. Inamjua inapoufungua.

Iowa ilipita njia nyingine. Katika kesi ya Wright mwaka 2021, afisa wa mji wa Clear Lake alikuwa amekwenda mara tatu usiku kwenye kichochoro nyuma ya nyumba na kuchukua taka. Majaji wanne dhidi ya watatu hawakuuliza sana kuhusu matarajio ya faragha. Waliuliza swali la kizamani zaidi: je, raia wa kawaida angeruhusiwa kufanya hivyo? Sheria ndogo ya mji ilimkataza mtu yeyote asiye mzoa taka mwenye leseni kuchukua taka za wengine, kwa hiyo afisa alikuwa amefanya kilichokatazwa kwa kila raia, na kwa kufanya hivyo ili kutafuta ushahidi akawa amepekua bila hati. Ni hoja safi, na inaitumbukiza nguzo ya tatu ya White ndani ya shimo lake mwenyewe, kwa kuwa polisi hawezi kujificha nyuma ya mwananchi yeyote pale ambapo mwananchi yeyote amekatazwa. Lakini ina udhaifu: haki inayosimama juu ya sheria ndogo ya mji inaweza kuondolewa na waliotunga sheria. Bunge la Iowa halikukawia; mwaka uliofuata lilipitisha sheria ya kutamka kwamba taka zilizo nje ya ua wa nyumba hazina faragha. Ndiyo maana nadhani hoja ya habari ni imara kuliko hoja ya umiliki, ingawa majaji wanaoheshimu mipaka ya ardhi huiona ya pili kuwa rahisi kuishika.

Washington imetoa pia jaribio lisilohusu uhalifu kabisa. Mwaka 2015 mji wa Seattle ulikataza kutupa mabaki ya chakula kwenye pipa la taka za kawaida, na wazoa taka wakapewa kazi ya kuangalia: pipa likionekana kuwa na zaidi ya asilimia 10 ya chakula, nyumba ingetozwa faini ya dola moja. Dola moja tu. Hata hivyo, mwaka 2016 jaji wa Mahakama ya Kaunti ya King aliona kwamba ukaguzi wa kuchakura ndani ya mapipa, unaozidi kile kinachoonekana wazi juu, unakiuka kifungu cha katiba ya jimbo kinacholinda mambo binafsi ya mtu. Wengine waliona ni kutumia nyundo kuua mbu. Lakini kwa namna miji inavyozidi kudai wakazi watenganishe taka, pipa linakuwa mahali ambapo serikali ina sababu nzuri na halali ya kuangalia, na sababu nzuri za mazingira zinaweza kufungua mlango kwa macho mengine.

Nje ya Marekani, Mahakama ya Juu ya Canada ilikutana na swali hili mwaka 2009 katika kesi ya Patrick. Polisi wa Calgary walinyoosha mikono juu ya mpaka wa kiwanja kutoka kichochoroni na kuchukua mifuko mara kadhaa; ndani yake kulikuwa na ushahidi wa utengenezaji wa dawa aina ya ekstasi. Jaji Ian Binnie alikiri kwamba mfuko wa taka kwa hakika ni mfuko wa habari, lakini akaona mtuhumiwa aliitelekeza faragha yake alipoiweka mifuko mahali pa kuzolewa. Kukiri huko kisha kutoa hukumu hiyo kunanishangaza, kwani kama kilichomo ni habari, kilichotelekezwa ni nini? Jaji Rosalie Abella alikubaliana na matokeo kwa njia nyingine: habari binafsi zinazotoka nyumbani hazipaswi kupekuliwa bila angalau shuku yenye msingi kwamba uhalifu umetendeka, na katika kesi hiyo shuku ilikuwepo. Alikuwa peke yake. Kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli.

Sasa pingamizi lenye nguvu kuliko yote. Mwaka 1993, FBI wakimchunguza Aldrich Ames, afisa wa CIA aliyekuwa akiwauzia Warusi siri, walichukua pipa lake la taka usiku huko Arlington, Virginia, na kukuta kikaratasi kilichochanwa kilichotaja mkutano wa Bogotá. Mwaka 2018 wapelelezi wa Sacramento walichukua karatasi ya kujifutia kutoka taka za Joseph DeAngelo, na vinasaba vilivyokuwamo vikalingana na vya muuaji aliyetafutwa kwa zaidi ya miongo mitatu. Mwaka 2020 alikiri makosa yake. Mwishoni mwa 2022, taka za nyumba ya wazazi wa Bryan Kohberger huko Pennsylvania ziliwasaidia polisi kumfikia kwa mauaji ya wanafunzi wanne Idaho. Nani atathubutu kusema afadhali mapipa hayo yasingefunguliwa? Si mimi. Lakini angalia kinachounganisha kesi hizo tatu: katika kila moja, wapelelezi walikuwa na sababu mahususi za kumlenga mtu huyo kabla ya kugusa pipa. Ames alikuwa chini ya uchunguzi kwa miezi. DeAngelo alifikiwa kupitia nasaba za vinasaba kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kohberger alikuwa na gari na simu vilivyoelekeza kwake. Kanuni ya kudai sababu isingemwokoa hata mmoja wao. Ambao ingewalinda ni wale ambao polisi hana neno la kusema juu yao ila kwamba anataka kujua.

Hata hivyo, mtetezi wa Greenwood ana jibu zuri, nalo lazima likubaliwe kwa sehemu. Atasema: mkidai hati kamili, yenye sababu zinazotosha kupekua nyumba, pipa linakosa kazi. Polisi mwenye sababu za kutosha kupekua nyumba ataingia nyumbani. Anakwenda pipani kwa kuwa bado hana. Hilo ni kweli, na ndilo tatizo la kanuni ya New Jersey ikichukuliwa kwa ukali wake wote. Njia ya katikati ilionyeshwa na Mahakama ya Juu ya Indiana mwaka 2005 katika kesi ya Litchfield, nayo ina masharti mawili. Taka zichukuliwe kwa namna ile ile ambayo mzoa taka angezichukua, bila kuingia uani wala kuzua tafrani. Na polisi awe na shuku inayoweza kuelezwa kwa maneno, inayomhusu mtu huyo, ya kiwango kile kinachohitajika kusimamisha gari barabarani. Kwa kipimo hicho, Greenwood mwenyewe pengine angeshindwa: fununu, jirani anayelalamika na magari ya usiku aliyoyaona mpelelezi kwa macho yake vinatosha kuwa shuku. Silioni hilo kuwa kasoro. Kanuni nzuri ya upekuzi haipimwi kwa idadi ya washtakiwa inaowaachia, bali kwa kumlazimisha afisa ajue kwa nini anafungua mfuko huu na si wa nyumba ya pili.

Lipo jambo moja ambalo hata Indiana haikulitazama, na kesi ya Kohberger inalileta mbele. Vinasaba vilivyopatikana kwenye taka za Pennsylvania havikuwa vyake bali vya baba yake, mtu ambaye hakushukiwa kwa lolote. Vilionyesha tu kwamba mwanawe ndiye aliyeacha alama kwenye ala ya kisu. Pipa ni la kaya nzima. Linapofunguliwa wanapekuliwa mke, watoto, mama mkwe aliyekuja kuuguzwa na mgeni aliyelala siku mbili. Na vinasaba havina mlinganisho na kitu kingine kinachotupwa, kwa sababu hakuna namna ya kutovitupa. Anayeogopa barua yake isomwe anaweza kuichoma. Hawezi kuishi bila kuacha mate kwenye kikombe na unywele kwenye kitana. Mahakama ya Juu ya Canada ilisema mwaka 1997, katika kesi ya Stillman, kwamba kijana aliye kizuizini hakuwa ametelekeza kamasi alizopenga kwenye karatasi akaitupa, kwa kuwa aliye chini ya ulinzi hana namna ya kuzuia mwili wake usiache alama. Aliye huru nyumbani kwake hana namna hiyo pia. Kwa hiyo shuku ya kufungua mfuko isichukuliwe kuwa ruhusa ya kusoma vinasaba vya kila aliyeutumia. Kwa hatua hiyo ya pili hati ya jaji ndiyo stahiki.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mjadala huu si wa mbali. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 31, haiishii kuwalinda watu dhidi ya kupekuliwa nyumba na mali. Inataja kando haki ya mtu kutofichuliwa bila sababu habari za familia yake au mambo yake binafsi. Tofauti ambayo majaji wa Marekani walilazimika kuitafuta ndani ya maandishi ya 1791, kati ya kitu na habari, imeandikwa humo waziwazi. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake, na inaitaka mamlaka ya nchi iweke taratibu za kisheria kuhusu lini, vipi na kwa kiasi gani haki hiyo inaweza kuingiliwa. Atakayesema kwamba hapa kwetu hoja ya waokota taka ina nguvu zaidi kuliko California, kwa kuwa vijana wa madampo ya Dandora na Pugu Kinyamwezi hufungua mifuko kila siku, anasema kweli kuhusu mikono mingi. Lakini waokotao chupa, vyuma na plastiki hawasomi majina kwenye bahasha, na hata wakisoma hawaandiki kiapo mahakamani. Umasikini wa anayeishi kwa taka hauwezi kuwa hoja ya serikali dhidi ya faragha ya aliyezitupa.

Kinachobaki ni dawa ya ukiukaji, na hapo California yenyewe inatoa funzo chungu. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikuwa imelinda taka tangu 1971 katika kesi ya Krivda. Mwaka 1982 wapiga kura wakapitisha marekebisho yaliyozuia ushahidi kukataliwa kwa sababu ya ukiukaji wa katiba ya jimbo pekee, na kwa hiyo Greenwood alipofika Mahakama ya Juu ya Marekani alikuwa na haki ya jimbo isiyoweza kumsaidia chochote. Kenya imeliwekea jambo hilo kifungu: ibara ya 50(4) inaagiza ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki uondolewe ikiwa kuupokea kutaiharibu haki ya kesi au kuudhuru utoaji wa haki kwa ujumla. Maneno hayo yanampa jaji nafasi ya kupima, na kipimo cha Indiana kinaingia humo bila kubadilisha nukta: afisa alijua nini kuhusu mtu huyu kabla ya kuufungua mfuko, na alikiandika wapi?